Usiende Kuvua kwa Geti la Hoteli

Ikifika Novemba simu yangu hujaa maswali ya aina moja. Wenzangu ninaosoma nao uzamili, wengi wao watu wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, wanajua mimi ni mtoto wa Mombasa, kwa hivyo wamenifanya ofisi ya utalii isiyolipisha. Wanataka kuja kuvua Disemba. Hawana pesa za kukodi boti na kufukuza sulisuli kule Malindi na Watamu. Wanachotaka ni kusimama ufuoni au juu ya gati, watupe mshipi, wangoje. Ni starehe nzuri na haina makuu. Kinachonikera ni swali lao la kwanza, ambalo kila mwaka huwa lilelile: "Ni hoteli gani iliyo na gati la kuvulia?"

Nasema wazi. Anayepanga safari ya kuvua kwa kuanzia hotelini atapata samaki wachache, na hilo ni shauri lake. Lakini pia anasaidia kuufunga ufuo, na hilo ni shauri letu sote. Nitaanza na samaki, maana najua hapo ndipo nitasikilizwa haraka.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa hupita mita 3, yaani urefu wa chumba kutoka sakafuni hadi darini. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Sasa mtazame mgeni wetu. Ameamka saa moja, amekunywa chai ya hoteli hadi saa tatu, amejipaka mafuta ya kukinga jua, na kufika saa nne yuko ufuoni na fimbo mpya ya kuvulia. Bahari imemkimbia. Mbele yake pana mchanga, majani ya bahari, vidimbwi, na kina mama wanaotafuta pweza mwambani. Angekuja juma moja baadaye, siku za maji mafu, saa hiyohiyo ingemkuta maji yamejaa. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50, na ndiyo maana mvuvi wa pwani huhesabu siku za mwezi mwandamo. Ukimuuliza, "Leo mwezi ngapi?" umemuuliza pia saa ya kutupa mshipi.

Kuna na pepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, huleta bahari tulivu kiasi. Kusi ikishika, Mei hadi Septemba, mawimbi hupanda na maji huchafuka, na mtu anayevua kutoka nchi kavu hutafuta kificho kwenye mikono ya bahari iliyoingia bara, kama ya Tudor, Mtwapa na Kilifi. Kuna na umbo la ufuo wenyewe. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Ndani ya mwamba maji ni mafupi, na samaki huingia pamoja na maji yanayojaa. Kwa hivyo saa njema kwa asiye na chombo ni maji yakikaribia kujaa, na kitambo kidogo yanapoanza kutoka. Anayetembea hadi mwambani wakati wa kupwa na kusahau saa anaweza kurudi akiogelea, au asirudi.

Vifaa? Mshipi uliozungushiwa kipande cha ubao, ndoana ndogo ndogo, chubwi, na akiba ya vyote vitatu, kwa sababu matumbawe hayarudishi kilichonasa. Viatu vya kukanyagia mawe. Chambo cha ngisi, kamba au dagaa, kinachonunuliwa asubuhi kwa wavuvi walioingia. Na mtu wa kukuonyesha bunju ni yupi, maana bunju ana sumu inayoua na kupikwa hakuiondoi.

Katika yote niliyotaja, hakuna hata moja utakaloambiwa mapokezi. Wanaolijua wako dikoni, pale mitumbwi na ngalawa hushusha samaki, na diko halina tovuti ya kuwekea nafasi. Linafikiwa kwa njia ya miguu iliyopita kati ya kuta mbili. Hapo ndipo shitaka langu la pili linapoanzia.

Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Haikuacha kipande mbele ya hoteli wala mbele ya nyumba ya mkubwa. Majirani zetu Watanzania nao wana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuo wa bahari. Ukisoma sheria hizi ukiwa Nairobi unaweza kudhani jambo limekwisha. Lakini ardhi ya umma isiyofikika ni sawa na kisima kilichozungushiwa ua wa jirani: maji ni yako, kamba ni yake.

Na ua huo haukuanza na hoteli. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani. Aliyeweza kudai na kuthibitisha dai lake alipewa hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, waliamka wakajikuta maskwota palepale walipozikwa babu zao. Viwanja vya baadaye vilipangwa ubavu kwa ubavu vikitazama bahari, na kwa mtu asiye na kiwanja bahari ikabaki kuwa kitu cha kuchungulia katikati ya kuta. Kutoka Diani hadi Watamu, wakazi wamelalamika miaka mingi kuhusu njia za kwenda ufuoni zilizobanwa, zilizopotoshwa au zilizopotea kabisa.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na jirani yetu, mzee aliyevua maisha yake yote, kwenye ufuo mmoja kusini mwa Likoni. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yaanze kutoka nasi tulikuwa tumesimama ndani yake hadi magotini, mahali ambapo Katiba haina shaka napo. Hatua kama kumi kando yetu alisimama mgeni wa hoteli iliyokuwa nyuma yetu, kijana wa rika langu kutoka bara, na fimbo yake. Askari wa hoteli akateremka. Alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Samahani, naomba msogee kule mbele. Mnawazuilia wageni."

"Marahaba. Na huyu kijana je? Naye si anavua?"

"Huyu ni mgeni wetu, mzee wangu."

"Na sisi ni wageni wa nani?"

Askari akatazama chini. Mzee akakunja mshipi wake taratibu, akauzungusha kwenye ubao, tukasogea. Simlaumu yule askari, ana mshahara wa kulinda na watoto wa kulisha. Ninayemfikiria hadi leo ni yule kijana. Alisikia kila neno. Hakusema kitu, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amelipia chumba, na akaamini kwamba katika bei ya chumba kulikuwa na bahari. Nadhani hata leo hajui kwamba siku ile alitumiwa. Uwepo wake ndio uliokuwa sababu ya kumwondoa mzee. Bila mgeni wa kulindwa, askari angeteremka kusema nini?

Hicho ndicho ninachokiita kusaidia kuufunga ufuo, na mtu anaweza kukifanya akiwa amesimama kimya. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliamini mgeni huja na baraka, na baraka hiyo humfikia yule aliyemkuta. Safari za kisasa zimepangwa ili mgeni asimkute mwenyeji kabisa. Anashuka kwenye treni Miritini, anachukuliwa na gari la hoteli, anapita geti, anavua mbele ya geti, anarudi. Mwenyeji anayepona hapo ni mwenye geti.

Njia ya umma haifi kwa siku moja. Majani huifunika. Kibao hung'olewa. Kisha mtu huweka kizuizi, kwa muda tu, kwa ajili ya usalama. Kisha huja ukuta. Katika kila hatua anayeifunga hungoja kuona kama kuna mtu atauliza. Wavuvi huuliza, kina mama wa pweza huuliza, nao huambiwa waende ofisi hii waende ofisi ile mpaka nauli iwaishie. Mgeni mwenye simu, shahada na binamu wakili akiuliza, sauti huwa nyingine. Si haki iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na uzito huo ambao hukuuomba unaweza kuutumia kwa kitu kidogo kama kushuka kwa miguu yako kwenye njia ambayo wenzako wanaambiwa haipo.

Najua majibu, maana nimeyapata yote.

La kwanza ni usalama. Vichochoro vinatisha, na bichi boi atakuganda. Vizuri: nenda mchana, na nenda na mtu. Fika dikoni siku moja kabla, salimia, mwombe mvuvi mmoja akuongoze, na mkubaliane malipo kabla hujatoa ndoana. Umepata ulinzi, mwalimu na chambo kwa pesa ambayo ungelipia vinywaji viwili kando ya bwawa la kuogelea. Na njia inayopitwa na watu wengi huwa salama kuliko njia iliyoachwa. Tukiikimbia kwa sababu inatisha, itatisha zaidi.

La pili lina nguvu zaidi, nami nalipokea: samaki wamepungua, na mgeni anayevua kwa starehe anachukua kitoweo cha mtu anayevua kwa njaa. Ndiyo maana nasema chukua wa mlo mmoja, waliobaki warudishe wakiwa hai. Changu mdogo mrudishe. Chewa mrudishe hata akiwa mkubwa, maana aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike na hugeuka madume zikikua: ukibeba wakubwa kwa ajili ya picha umeondoa madume, ukibeba wadogo umeondoa mama. Unachokihitaji kwa chakula kinunue dikoni. Lakini tazama vizuri jibu hili linaelekea wapi. Kama mgeni atavua, na atavua, je, afadhali avue mahali ambapo wavuvi wanamwona, wanamlipisha na kumkanya, au nyuma ya geti ambako hakuna wa kumwambia basi? Vikundi vya usimamizi wa ufuo, ambavyo kila mtu huviita BMU, vipo kwa kazi hiyo. Mgeni wa hoteli havimjui, naye havijui.

La tatu ni hifadhi. Kuna wanaofikiri nikisema ufuo ni wa umma ninasema kila mtu avue popote. La. Malindi na Watamu zina hifadhi za taifa za baharini tangu 1968, na ndani ya hifadhi za namna hiyo havuliwi samaki hata mmoja, uwe mkazi au mgeni. Kwenye maeneo ya akiba yanayozizunguka wavuvi huruhusiwa kutumia zana za jadi. Kabla ya kusafiri, uliza ofisi ya uvuvi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mipaka iko wapi na kibali gani kinatakiwa. Mali ya umma ina sheria zake, na sheria hizo zinatungwa hadharani. Amri ya askari wa geti haijatungwa popote.

La nne: hoteli imeajiri watu, imejenga gati kwa pesa yake, inalipa kodi. Kweli. Shangazi yangu amefua mashuka ya hoteli miaka kumi na minane na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Sikuambii usilale hotelini. Lala, kula, ogelea bwawani. Lakini ukitaka kuvua, toka kwa geti la mbele, la barabarani, uzunguke hadi njia ya umma, na ushuke nayo hadi majini. Pengine ni dakika ishirini za kutembea. Dakika hizo ndizo ninazogombania.

Kuna mahali walipoliona jambo hili mapema. Katiba ya jimbo la California, nchini Marekani, ina kifungu tangu 1910 kinachowapa watu haki ya kuvua kwenye ardhi ya umma ya jimbo na katika maji yake. Leo, mtu akisimama juu ya gati la umma la baharini hahitaji leseni ya uvuvi. Akishuka mchangani pembeni, na ana miaka 16 au zaidi, anaihitaji. Mipaka ya idadi na ukubwa wa samaki inamhusu kote kuwili. Maana yake ni kwamba mgeni aliyefika jana, asiye na chombo wala hoteli ya ufuoni, anaweza kupanga siku yake ya kuvua kwa nauli ya basi na pesa ya chambo. Si peponi: pwani ya Los Angeles ina mabango yanayowaonya watu wasile aina fulani za samaki kwa sababu ya DDT iliyoingia baharini kutoka kiwandani miongo iliyopita. Lakini hata bango hilo ni namna ya heshima. Linakubali kwamba umma uko pale, na una haki ya kuambiwa.

Sisi Katiba yetu imetupa mchanga ila hatujajenga mahali pa kusimama. Magati tuliyo nayo, kama ya Malindi, Lamu na Shimoni, ni ya vyombo, abiria na mizigo. Mwenye mshipi huvua hapo kwa kuvumiliwa, naye anatakiwa apishe kila chombo kinapotia nanga. Mombasa tuna bustani ya Mama Ngina, juu ya mlango wa Kilindini, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa 2019. Hapo mtu hukaa akatazama meli zikiingia bila kuulizwa analala hoteli gani. Inathibitisha kwamba serikali ikitaka kuupa umma ukingo wa bahari inaweza.

Kwa hivyo ninayoyadai ni machache na yanahesabika. Kaunti za pwani zichore ramani ya kila njia ya umma ya kwenda ufuoni, ziiweke wazi, na zisimamishe kibao kwenye kila mlango wa njia, kimoja barabarani na kimoja mchangani. Kila mji wa pwani uwe na gati dogo la umma lenye ngazi, taa, na ubao wa saa za maji. BMU ziruhusiwe kutoza ada ndogo kwa mgeni anayevua kwa starehe, na pesa hiyo ibaki dikoni. Hakuna kati ya haya linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Mengine yako kwako unayesoma. Disemba hii, kabla hujalipia chumba, piga simu uulize: "Njia ya umma ya kushuka ufuoni iko wapi, na ni ya dakika ngapi kutoka kwenu?" Wakikujibu, andika jina la njia na uwaambie wenzako. Wakikuambia wageni wao hawaihitaji, tafuta pengine pa kulala, na uwaambie ni kwa nini. Kisha hesabu mwezi, nunua ndoana, panda treni. Ukifika, shuka kwa njia hiyo mchana kweupe na mshipi wako mkononi, na akija askari kumwondoa mzee aliye karibu nawe, usitazame kando. Mwambie mko pamoja.